Yunis na Macho ya Uingereza

Katika Sikukuu ya Dola ya mwaka 1935, mbele ya watu wa Ipyana waliokusanywa kwenye uwanja wa misheni, Serikali ilitamka kwamba Dola ya Mwingereza ni nyumba moja. Kwamba Mfalme ndiye baba wa nyumba hiyo, na wanaume wote waliomo ni wanawe. Na kwamba watu wa Uingereza, wakubwa kwa wadogo, mabwana kwa wachimba makaa, wana kiu isiyokatika ya kuwaona kwa macho yao ndugu zao wa ng'ambo na kujua wanavyoishi. Kwa ajili hiyo Serikali ingeleta mashine ya kupiga picha zinazokwenda, ili kiu hiyo ipate kutulizwa. Tangazo halikugusia kwamba Tanganyika, kwa karatasi zilizotiwa sahihi Ulaya, haikuwa mali ya Dola bali amana iliyoachwa mikononi mwake. Sikukuu si siku ya kuulizana habari za amana.

Mwalimu Ezekia wa shule ya misheni ndiye aliyetafsiri, neno kwa neno, kwa sauti yake ya mahubiri. Alipofika pale pa Mfalme kuwa baba wa wanaume wote, wanawake walioolewa walitazamana. Kisha picha ya Mfalme, iliyotiwa katika fremu, ilipoanza kuzungushwa uwanjani, wakajifunika vichwa kwa kaniki zao, wakainama, wakatimua mbio kuelekea migombani, wengine na watoto mgongoni. Kwa Wanyakyusa, mkamwana hamwoni baba wa mumewe wala haonwi naye. Akimsikia njiani hujitupa kando hadi apite. Jina lake halitaji. Jambo hilo wao huliita kwa neno lenye maana ya kuogopa, na halina likizo. Sasa ikiwa Serikali imetangaza hadharani kwamba Mfalme ni baba wa mume wako, na huyo anakuja mbele yako amekodoa macho ndani ya kioo, utafanya nini?

Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, aliandika katika taarifa yake kwamba wanawake wa Ipyana waliingiwa na uchaji mkubwa mbele ya sura ya Mfalme. Kwa namna yake, lilikuwa jambo la kweli.

Yunis, mke wa Yotamu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika migombani. Alikuwa na mazoezi.

Hakuzaliwa Ipyana. Kwao kulikuwa Lyulilo, upande wa mashariki wa ufuko, pale milima inaposhuka moja kwa moja majini kana kwamba haikuambiwa kuna ziwa. Wakisi wa huko hawana mashamba ya kujivunia. Wana samaki na wana udongo. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga. Yunis alijifunza akiwa bado hajaota meno ya pili: kukaa chini miguu imenyooka, donge la udongo juu ya kigae, mkono mmoja ukikizungusha kigae, mwingine ukiinua ukuta wa chungu. Yotamu alifika sokoni Lyulilo na mtumbwi wa mpunga, akaondoka na vyungu, akarudi tena na mpunga, akaondoka na vyungu, safari ya tatu mama yake Yunis akamwambia, "Wewe baba, kwenu mnavila hivi vyungu?" Ndipo Yotamu akaeleza shida yake.

Basi Yunis akaolewa Ipyana, kwa watu wenye ng'ombe, migomba na adabu nyingi. Aliyemfundisha adabu hizo alikuwa mama mkwe wake, Anyes, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyevaa kiunoni pete za shaba za mtindo wa zamani, moja juu ya nyingine, zikilia kila apitapo. Anyes alimfundisha njia za nyuma za kwenda mtoni. Alimfundisha kutambua kikohozi cha mzee Angetile, mlio wa fimbo yake na harufu ya ugoro wake, ili ajue wakati wa kutoweka. Alimfundisha pia kupika ndizi kama wanavyopenda nyumba ile, na hapo hakuwa na subira hata kidogo. "Mkisi wewe," alikuwa akisema, amesimama nyuma yake jikoni, "ndizi si samaki! Utazisumbua mpaka lini?" Yunis akikosea, Anyes hakusema tena, alisimama tu nyuma na kumtazama shingoni mpaka Yunis mwenyewe aone alipokosea.

Anyes alifariki mwaka wa pili wa ndoa hiyo. Mzee Angetile hakukubali pete zake zizikwe wala zigawanywe. Alizitia ndani ya chungu, akakiweka darini, na hakuna aliyethubutu kumwuliza ni za nini. Yunis akazaa binti, wakamwita Damari. Miaka sita ikapita, na mzee hajapata kuiona sura ya mkamwana wake hata siku moja. Alimjua kwa vyungu vyake, akavisifu kwa wageni.

Mashine ya picha ilifika Lyulilo wakati wa kiangazi, Yunis akiwa kwa mama yake kufinyanga kama afanyavyo kila mwaka. Ilikuja na Bwana mmoja mwembamba mwenye kofia pana, na Mwalimu Ezekia akiwa mkalimani. Bwana akatembea ufukweni akiwatazama wafinyanzi kama mtu anayechagua mbuzi, akasimama mbele ya Yunis.

"Huyu," akasema. "Lakini avue gauni."

Wanawake wakaacha kazi.

"Ana maana," Ezekia akaharakisha, jasho likimtoka, "ana maana uvae kama bibi zako. Watu wa Uingereza, anasema, magauni wanayo ya kutosha."

Mavazi ya bibi zao hayakuwepo tena Lyulilo. Misheni ilikuwa imeshughulikia jambo hilo kwa miaka arobaini, na sasa Serikali ilikuwa ikiyatafuta. Ndipo Yotamu, aliyekuja kumchukua mkewe na ambaye alikuwa amevimba kichwa kuona ameteuliwa, akasema kwamba kwao Ipyana zipo pete za shaba, na hata nguo ya magome. Akapiga kasia mpaka Itungi, akaenda kwao kwa miguu, akapanda darini baba yake alipokuwa kilabuni. Kesho yake akarudi nazo.

"Umemwuliza baba?" Yunis akamwuliza.

"Mama hazihitaji," Yotamu akajibu. Lilikuwa jibu la swali jingine.

Akazivaa. Zilimkaa vizuri kuliko alivyotaka. Bwana akaanza kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya kustaajabisha, maana aliifanya kinyumenyume. Kwanza alimtaka auze chungu. Kisha akichome. Kisha akifinyange. Mwisho akachimbe udongo, kwa sababu jua lilikuwa limefika vizuri upande wa machimbo. Yunis akafanya yote kimya, akiona ajabu ya kukiuza chungu ambacho bado kilikuwa ardhini. Wakarudi kwenye kigae, kwa sababu Bwana alitaka kitu kimoja zaidi.

"Ainue uso, atazame hapa kwenye kioo."

"Ndani humo kuna nani?" Yunis akauliza, kichwa chini.

"Watu wa Uingereza," akasema Ezekia. "Watakuona wote."

"Na wazee wao?"

"Na wazee wao."

"Basi sitazami. Mwalimu, si ulisema mwenyewe? Mfalme ni baba."

Ezekia akakuna kichwa. Tangazo lilikuwa limetoka kinywani mwake, hakuweza kulirudisha. "Mfalme ana shughuli nyingi," akasema hatimaye. "Hawezi kutazama kila chungu. Hao wengine ni ndugu tu, ni kama shemeji. Inua uso mara moja, mama, tukale."

Akainua uso. Kioo kilikuwa cheusi, cha duara, kimelowa mwanga kama jicho la ng'ombe gizani. Hakutabasamu, hilo alilikumbuka vizuri baadaye, akaulizwa, akaapa. Alitazama tu. Na wakati akitazama, katikati ya jua la mchana ambalo lingetosha kumchoma mtu kwa shaba iliyo mwilini mwake, zile pete zikawa baridi kiunoni, baridi ya samaki aliyetolewa chini ziwani. Kisha Bwana akasema inatosha, na zikaanza kupata moto tena.

Yotamu akazirudisha darini kabla baba yake hajajua. Kopo la filamu likapanda meli kwenda kusini, na kutoka huko, ilisemekana, Uingereza.

Macho yalianza wiki ile ile.

Alikuwa ufukweni, peke yake, akilainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu, akahisi anatazamwa shingoni. Akageuka. Palikuwa na ziwa, na mbali juu ya maji nguzo za kungu, wale wadudu wadogo wanaopanda juu kwa mamilioni kama moshi. Zilikuwa zimesimama kadhaa, ndefu kwa fupi, zikitembea polepole na kushikana kama watu wanaotoka msibani. Hapakuwa na mtu. Akavuta kaniki akajifunika uso, akaendelea kufinyanga.

"Yunis!" wenzake waliofika wakamcheka. "Unamficha nani? Kambale?"

"Wananitazama."

"Kina nani?"

"Wale wa kwenye kioo. Nadhani picha imeshafika."

Maelezo hayo yalikuwa na akili, na hakuna aliyeweza kuyapinga. Ikiwa Uingereza nzima ina kiu ya kumwona mtu, lazima mtu huyo ahisi kitu. Alirudi Ipyana, na macho yakarudi naye. Yalimfuata mtoni. Yalimsubiri mlangoni. Waingereza, kwa sababu walizozijua wenyewe, walimkazia macho zaidi akiwa jikoni, na hasa alipokosea kupika ndizi. Mara nyingine aliwahisi wamesimama karibu mno, kiasi kwamba nywele za shingoni zilisimama, na mwiko ukawa mzito mkononi. Damari, aliyekuwa akicheza kizingitini, aliacha kucheza, akatazama mahali pale pale nyuma ya mama yake, kisha akaendelea na mchezo wake. Yunis hakumwuliza alikuwa akitazama nini. Alianza kuwa na adabu hata akiwa peke yake: hakujikuna, hakupiga miayo, hakumsema mtu.

Siku moja akamkuta Ezekia njiani, akamsalimu. "Mugonile, Mwalimu. Huko Uingereza picha hutazamwa saa ngapi?"

"Saa zote," Ezekia akajibu kwa fahari, kama mtu aliyewahi kufika. "Mchana shuleni, jioni katika majumba makubwa. Maelfu kwa maelfu. Kwa nini?"

"Basi tu. Nilidhani hulala."

Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Mtu huzoea.

Kisha lori la sinema likateremka kutoka Tukuyu, siku ya Sikukuu ya Dola tena, likizama kwenye matope ya Mei kila baada ya mwendo mfupi, ili watu wa Ipyana nao wajione kama walivyoonwa. Fundi wa mashine alikuwa Davidi, mtu wa Karonga ng'ambo ya mpaka, mcheshi, mwenye ndugu pande zote mbili. Alitundika shuka kubwa jeupe katikati ya uwanja, na hapo hapo akakutana na tatizo ambalo hakufundishwa: wakwe na wakamwana hawawezi kukaa mbele ya shuka moja. Wazee wakalimaliza upesi. Wanaume wakae mbele ya shuka, wanawake wakae nyuma yake. Picha hupenya, wanawake wangeiona imegeuka kushoto kulia, na hakuna aliyewahi kudhurika kwa kuona kinyume.

Mzee Angetile akawekewa kiti mbele kabisa. Giza lilipoingia, jenereta ikanguruma, shuka likawaka. Wakaonyeshwa kwanza meli za vita, kisha ng'ombe wanene wa Kanada, kisha mvua ya Uingereza. Halafu likaja ziwa, na milima ya Lyulilo, na mwanamke akiuza chungu.

Nyuma ya shuka Yunis alijiona, mkubwa kuliko nyumba, akifinyanga kwa mkono wa kushoto. Wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakanyamaza, kwa maana walikumbuka nani amekaa upande wa pili. Bwana alikuwa ameipanga filamu ikawa sawasawa: udongo, kigae, moto, soko. Uso aliuweka mwisho. Yule mwanamke kwenye shuka akainua kichwa polepole. Akatazama mbele. Na akatabasamu.

Yunis akaona baridi kiunoni, ingawa hakuvaa pete.

Upande wa pili mzee Angetile alisimama, ameegemea fimbo. Uso wa mkamwana wake hakuwahi kuuona maisha yake yote, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuutambua. Alichokitambua ni pete.

"Anyes," akaita.

Aliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mkewe aliye chumba cha pili. Na hapo picha ikasimama. Davidi aliapa baadaye kwamba hakugusa kitu, mashine ilikuwa ikizunguka na utepe hauendi. Uso ulibaki pale, hautikisiki, ukimtazama mzee, ukitabasamu.

"Anyes, mbona umechelewa?"

"Ndugu yangu, fumba macho!" ndugu yake, Andendekisye, akapiga kelele. "Huyo si Anyes! Huyo ni mkamwana wako, ni mke wa Yotamu! Fumba macho!"

Mzee hakufumba. Doa la hudhurungi likatokea kwenye jicho la kushoto la yule mwanamke, likavimba, likatoboka, likautafuna uso mzima kwa duara zinazochemka, mpaka likabaki shuka jeupe na harufu ya kitu kilichoungua. Nyuma ya shuka Yunis alikuwa ameyaona yote, kwenye jicho la kulia.

Mzee Angetile akaugua usiku huo huo. Homa, na maneno yasiyo na mpangilio. Na sasa mambo yakawa wazi kwa kila mtu, hata kwa Yunis. Mkamwana akionwa na mkwe wake, mwili wa mkwe huharibika. Kama ndugu wa mzee wakiamua kwamba ndicho kilichotokea, Yunis angerudishwa Lyulilo na mtumbwi wa kwanza. Damari angebaki. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Hilo halikuwa na mjadala, na mtoto mwenyewe alikuwa bado analala amemshika mama yake sikio.

Kesi ikakaliwa siku ya tatu, uani kwa mzee. Yunis hakuweza kuhudhuria kesi yake, kwa kuwa waamuzi wote walikuwa ndugu wa mkwe, na kwa hiyo wakwe. Alikaa nyuma ya ukuta wa mianzi wa jikoni, Damari mapajani, akisikiliza.

"Ameonwa," sauti ya Andendekisye ikasema. "Watu wote walikuwepo. Ndugu yangu yuko ndani anachemka kama chungu. Mnataka nini zaidi?"

"Ilikuwa picha," akasema Yotamu.

"Wewe nyamaza. Zile pete alizipa miguu nani?"

Yotamu akarudi nyuma.

Mtu akatoka ndani kwa mgonjwa na ujumbe: mzee anasema hakumwona mkamwana wake, alimwona mkewe. Wazee wakaguna. Hayo ni maneno ya homa, wakasema, na homa ndiyo inayoshtakiwa.

Ndipo Ezekia akaomba kusema. "Mugonile, wazee. Nina swali dogo. Picha hii ilikwenda Uingereza. Huko kuna wazee wengi kuliko majani ya mgomba, na Mfalme ni baba wa waume wote, ndivyo tulivyotangaziwa hapa hapa. Kama picha ya mkamwana ni mkamwana, basi wazee wa Uingereza wameonwa naye, au wamemwona, hata sijui nisemeje, kwa miaka miwili. Je, wameugua?"

Mtu akakohoa.

"Waliiona kweli?" akauliza Andendekisye.

Ezekia akasimama wima, akalikariri tangazo lote, kwa sauti ya mahubiri: nyumba moja, baba mmoja, na kiu isiyokatika ya watu wa Uingereza, wakubwa kwa wadogo, mabwana kwa wachimba makaa.

"Yule fundi je? Yeye ndiye mwenye mashine. Davidi, ndivyo?"

Davidi, aliyekwamishwa Ipyana na matope na aliyekuwa amekaa karibu na kizingiti akitafuna ndizi mbivu, akachukua muda kumeza. Nyuma ya mianzi Yunis alimshika Damari hata mtoto akalalamika.

"Serikali ndivyo ilivyosema," Davidi akajibu.

Na nani angesimama uani, mbele ya karani wa Malafyale, chifu wao, aliyekuwa akiandika kesi, aseme Serikali imesema uongo? Wazee wakanong'onezana. Ilikuwa hoja yenye miguu: aidha picha si mtu, au Uingereza nzima iko kitandani na homa, na Bwana Shauri alikuwa ameonekana juzi juzi tu akicheza mpira wa kuruka wavu na afya yake yote. Wakaamua kwamba picha si mtu. Yunis hana kosa. Pete zirudi darini, na Yotamu atoe fahali kwa kuingia dari ya baba yake bila ruhusa. Andendekisye hakupenda, lakini alipenda fahali.

Homa ya mzee ikashuka siku chache baadaye. Alipopata nguvu alitoka, akakaa uani akitazama upande wa jikoni, kwa utulivu, kama anayesubiri chakula kilichochelewa. Aliuliza mara moja tu kama lile lori litarudi.

Siku Davidi alipokuwa akifunga mizigo, Yunis akampelekea samaki wakavu wa kula njiani na chungu kidogo chenye michoro myekundu. Davidi hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale, wangeweza kuzungumza uso kwa uso.

"Ndaga, kaka," akamshukuru. "Umeniachia mtoto wangu."

"Mimi? Ni Serikali, dada. Mara moja moja hufaa." Akakizungusha chungu mkononi. "Filamu yako imekwisha kabisa, ujue. Ile iliyoungua ndiyo nakala pekee, na Bwana hana mpango wa nyingine."

"Afadhali. Labda sasa wataacha kunitazama."

"Kina nani?"

"Waingereza. Tangu siku ile ya kioo. Hata leo asubuhi, nilipokuwa napika." Akacheka kidogo, aibu ikamshika. "Nilitia chumvi nyingi."

Davidi akaweka chungu chini. Alionekana mtu anayepima kama aseme. Kisha, kwa kuwa kesi ilikuwa imekwisha na matope yamekauka, akasema. Bwana mwenyewe ndiye aliyemhadithia, akicheka bila furaha. Shule za kwao ziliulizwa kama zinaitaka filamu, zikajibu kwamba zingependa ya mpira. Majumba ya sinema yalijibu kwamba picha za Dola zikianza, watu hutoka nje kuvuta sigara. Dada yake Bwana alidhani Tanganyika ni dawa ya kikohozi. Kopo likakaa kwenye rafu London hadi lilipotumwa Tukuyu, ambako rafu ni za bure.

"Nani kasema?" Yunis akauliza. "Labda waliitazama yeye hayupo."

Davidi akatikisa kichwa, kwa upole. Akamweleza kwamba utepe ukipita kwenye mashine, hata mara moja, meno ya mashine huuachia mikwaruzo. Ukipita mara nyingi, picha huonekana kama inanyeshewa na mvua. Fundi hutambua kwa kuupitisha tu vidoleni. Wa kwake aliukagua mwenyewe, wote, alasiri ile pale uwanjani, kabla giza halijaingia.

Haukuwa na mkwaruzo hata mmoja.